Maji Mekundu ya Kalunde

Habari kwamba majani yake hayafai ilimfikia Kalunde kwa lugha ya heshima, na heshima ndiyo iliyomuudhi. Karatasi ya maabara kutoka Kajiado ilisema "kiwango cha chini". Haikusema takataka. Mtu akikwambia takataka, unamjibu. Sasa "kiwango cha chini" utaijibu nini?

Alikuwa amesimama katikati ya kitalu chake cha miche, kando ya barabara ya Namanga hapo Kitengela, glovu moja mkononi na mwenzake amepotea tangu Januari, akiisoma karatasi ile mara ya nne kana kwamba ingechoka kusema uongo. Mbele yake ilisimama safu ya vichaka vyenyewe, virefu kumpita, majani yamechanika vidole vidole kama ya muhogo, rangi ya divai ya kanisani kuanzia shina hadi ncha. Kitabuni kichaka hicho kina jina refu lenye haibiskasi ndani yake. Watu wa vitalu hukiita maruni, kwa sababu mteja wa Kitengela haji kununua jina, anakuja kununua rangi inayolingana na geti lake.

Kalunde alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na kumi na minne kati ya hiyo aliimalizia hapo. Kabla ya hapo alikata waridi kwenye shamba la maua upande wa Isinya, mpaka mgongo wake ukaacha kazi kabla yeye hajaacha. Mumewe, Mutunga, alikuwa ameenda Kimana kutafuta kibarua kwenye mashamba ya vitunguu. Kibarua akapata, na mke mwingine akapata, kwa hivyo kwake safari ilikuwa na faida mara mbili. Kalunde alibaki na binti yao, Mumo, akamlea hadi akajiendea Nkoroi kusuka watu nywele. Halafu akabaki na miche. Miche ina adabu. Ukiimwagilia inakua, usipoimwagilia inakufa, na hakuna mche uliowahi kumuaga kwamba unaenda Kimana mara moja.

Maruni aliiuza miaka hiyo yote kama pambo. Haikumjia kwamba mtu anaweza kuila, mpaka mwezi wa nne, mvua ya kwanza ilipokuwa imegeuza Kitengela yote kuwa gundi nyeusi, akatokea kijana mmoja wa viatu safi. Jina lake Wachira, fundi wa maabara katika chuo kimoja huko Kajiado mjini. Alikuwa amekuja kutafuta miche ya ua kwa mama yake. Badala ya kuuliza bei kama watu, alichuma jani la maruni akalitia mdomoni.

"Kijana, hiyo ni ya kuangalia," Kalunde alimwambia. "Ya kula iko hoteli, hapo ng'ambo."

"Mama, hii inakulwa. Iko na uchachu kama wa ndimu. Na hii rangi yake, unajua ni nini?"

"Ni maruni."

Wachira alicheka, kisha akaeleza kama mtu ambaye hapati wasikilizaji wengi. Mafuta yakikaa wazi siku nyingi yananuka kwa sababu hewa inayala. Sasa ndani ya majani mengine kuna vitu vinavyojitanguliza mbele ya hewa viliwe vyenyewe kwanza, mafuta yakabaki salama. Vinaitwa antioksidanti. Ukisaga jani lenye vitu hivyo kwa wingi ukalichanganya na unga, chakula kinaweza kukaa siku nyingi zaidi kabla ya kuchacha.

"Kumbe ni askari wa geti," akasema Kalunde.

"Kama hivyo, mama."

"Basi wasiwe kama wa hizi estate zetu. Wa hapa hulala."

Wachira aliondoka na mfuko wa majani mabichi, na baada ya wiki moja akapiga simu akiwa karibu kuimba. Huko maabara wana dawa ya rangi ya zambarau. Jani likiwa dhaifu, zambarau inakaa pale pale ikikutazama. Jani likiwa na nguvu, zambarau inafifia mpaka inakuwa njano. "Mama, yako imefifia nikiwa bado nashika chupa!" Kisha akampa masharti. Safu hiyo asiipulizie tena dawa ya wadudu. Asichanganye na kile kichaka cha majani ya manjano cha ua, hicho ni sumu, si kila kinachopendeza ni cha kula. Na akaushe majani, asage, alete unga, kwa maana hakuna kiwanda kitakachobeba majani mabichi yaoze njiani.

Wachira huyo huyo akamkutanisha na Gakuru, mwenye kiwanda kidogo cha biskuti na ngumu, yale maandazi magumu, nyuma ya soko. Ngumu za Gakuru zilikuwa zinafika maduka ya Namanga zikiwa tayari zinanuka mafuta ya juzi. Gakuru hakuzungusha maneno: unga ukipita maabara, anachukua gunia kila wiki, na ngumu zake zitakuwa nyekundu, wenzake wajinyonge.

Kalunde angefanya hayo yote polepole, kwa starehe zake, kama si mzee Kisemei.

Ploti ilikuwa ya mzee Kisemei. Miaka kumi na minne iliyopita alimwambia tu, "Kaa hapo mama, unizuilie vumbi," na neno hilo ndilo lililokuwa hati ya Kalunde. Lakini mwezi wa sita mzee alikuja, akasimama kando ya safu ya maruni, fimbo nyuma ya shingo.

"Sopa, Mama Mumo."

"Ipa, mzee. Leo umenikumbuka."

"Nimekukumbuka vibaya. Nick ameniomba hii ploti. Anataka kuweka car wash."

"Nick ni nani?"

"Ameoa binti yangu. Nimekula ng'ombe zake." Mzee aliangalia barabarani. "Mkwe hakataliwi hivi hivi. Nikimwambia hapana kwa sababu ya maua, ataona nimemdharau. Nikimwambia hapana kwa sababu kuna kazi ya chakula, inapimwa na wasomi, iko na karatasi, hapo ataheshimu. Wewe si ulisema kuna karatasi?"

"Inakuja."

"Basi ije. Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa saba Nick anakuja na futi ya kupimia."

Ndiyo maana ile "kiwango cha chini" haikuwa maneno tu. Ilifika Jumamosi moja, na Jumamosi iliyofuata ndiyo ilikuwa ya Nick.

Sasa tuseme ukweli kuhusu jinsi Kalunde alivyokausha majani yale, maana hakuna aliyeweza kumlaumu kwa uvivu. Alikausha kama anavyokausha mtu aliyezaliwa Makueni. Alichemsha sufuria kubwa ya maji, akayatumbukiza majani, akayageuza kwa mwiko, akayachuja, maji akayamwaga nyuma ya kitalu, kisha akayatandaza majani juu ya mabati kwenye jua kali, mpaka yakawa yanavunjika kwa kuyatazama. Ndivyo mama yake, Roda, alivyokausha majani ya kunde. Ndivyo nyanya yake alivyokausha. Kunde za hivyo zinakaa mwaka mzima ndani ya debe na hazioti hata ukungu. Katika mambo yote ambayo Kalunde hakuyajua kuhusu maabara, hili moja alilijua kuliko maabara.

Kwa hivyo kosa lilikuwa la mtu mwingine. Kwanza alimshuku Wachira, kwa sababu ya vile viatu. Halafu akashuku vumbi la Kitengela, halafu maji ya kisima yenye chumvi. Alipomaliza vitu visivyo na mdomo, akamshuku Keziah.

Keziah alikuwa na kitalu chake upande wa pili wa seng'enge, kwenye ploti ya kaka yake. Walikuwa majirani kwa miaka kumi na moja, na katika miaka hiyo walikuwa wamegombana juu ya mpira wa maji, paka, mteja aliyeingia geti lisilo lake, na maombi ya nani yaliyoleta mvua. Tangu hadithi ya antioksidanti ianze, Keziah alikuwa amempa jina.

"Mama Anti!" aliita siku ile ya karatasi, mikono kiunoni. "Mbona uso umekauka kuliko majani? Rizalti imekuja?"

"Chunga miche yako."

"Yangu haina shida, haijawahi kufanya mtihani."

Kalunde aliingia ndani ya kibanda chake, akakaa juu ya mfuko wa mbolea, akafikiri. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa bidii, bidii ikampa jibu baya: hakuwa amechemsha vya kutosha. Mtu aliyetaka kukausha kwa dhati angechemsha zaidi na kuanika zaidi. Jumatatu asubuhi aliwasha jiko, akajaza sufuria majani mapya, akayaacha yatokote mpaka mvuke ukawa na harufu ya ukali ukali. Akachuja. Akabeba sufuria ya maji nyuma ya kitalu, akayarusha kwa nguvu za mtu mwenye hasira, yaani mbali kuliko kawaida.

Kelele ilitoka upande wa pili wa seng'enge.

"Haiya! Ngai! Kalunde!"

Keziah alitokea ameshika kitambaa mbele yake kwa vidole viwili. Kilikuwa kitambaa chake cheupe cha kichwani, cha akina mama wa kanisa, ambacho alikuwa amekifua na kukianika kwenye seng'enge. Kilikuwa cheupe. Sasa katikati yake kulikuwa na doa la rangi ya waridi lenye ukubwa wa sinia, likitambaa taratibu kuelekea kingo.

"Angalia! Angalia vile umenifanya! Alhamisi niko na mkutano, nitavaa hii niambie watu nini? Nimepigwa panga kichwani?"

"Si ulianika kwa waya yangu!"

"Waya yako? Waya ni ya kaka yangu! Unachemsha nini huko, mbuzi? Kila wiki unamwaga damu hapa nyuma, mchanga wangu wote umekuwa mwekundu, nimenyamaza kwa sababu mimi ni Mkristo. Lakini hii ni kitambaa ya kanisa, Kalunde! Kitambaa ya kanisa!"

Kalunde alikuwa amefungua mdomo amjibu, na jibu lilikuwa zuri, lilikuwa linahusu Ukristo na paka. Lakini macho yalimtangulia. Alikuwa anaangalia kitambaa. Kisha akaangalia mchanga wa nyuma ya kitalu, ambao kweli ulikuwa na madoa mekundu ya majuma na majuma. Kisha akageuka akaangalia majani aliyoyachuja, yamelala ndani ya karai. Yalikuwa ya kijani kibichi kilichochoka, rangi ya mboga ya shule ya bweni.

Wekundu wote ulikuwa kwa Keziah.

"Hebu nione hiyo kitambaa," akasema.

"Uione ya nini? Ushairi?"

"Keziah, nipe kitambaa!"

Kuna sauti ambayo hata jirani wa miaka kumi na moja haibishii. Keziah alimpitishia kitambaa juu ya seng'enge. Kalunde alikinusa, akakigusa kwa ulimi, Keziah akifanya ishara ya msalaba ingawa si desturi ya kanisa lake. Kilikuwa kichachu. Kichachu kama ndimu. Askari wa geti wote aliokuwa akiwatafuta, wale wa kufifisha zambarau, alikuwa akiwachemsha watoke na kuwamwaga kwa jirani kila wiki, kisha wale wachache waliobaki akiwaweka juani wamalizike, na maganda yao ndiyo aliyoyapeleka Kajiado yakapimwe.

Alimpigia mama yake simu. Si kwamba alitaka ushauri. Alitaka mtu wa kumlaumu, na Wachira alikuwa ameshaponyoka.

"Mama," alisema Kalunde, Roda aliposhika simu, "kwa nini ulinifundisha kumwaga maji ya kunde?"

Kule Makueni jogoo mmoja aliwika. "Mwiitu wakwa, binti yangu, umenipigia simu saa nne asubuhi uniulize maji?"

"Kuna vitu vizuri ndani yake. Vinaitwa antioksidanti. Tulikuwa tunavimwaga, mama. Miaka yote hiyo tumekula makapi!"

"Nani amekuambia?"

"Watu wa maabara."

"Hao watu wa maabara walikuwa hapa ile njaa ya mwaka aliozaliwa Mumo?" Roda hakuinua sauti. Hajawahi kuhitaji. "Sisi hatukuwa tunatafuta hiyo kitu yako. Tulikuwa tunatafuta kufika Oktoba. Tukachemsha ili isioze, tukaanika ili iishie kwa debe, na ukafika Oktoba, ukapata miguu ya kwenda Kitengela kunipigia makelele. Sasa wewe unataka nini, Oktoba ama rangi?"

"Nataka rangi, mama."

"Basi usichemshe. Na usiweke juani, jua inakula rangi, hata pazia inajua. Kwani huko kwako hakuna kivuli?"

Kalunde aliinua macho. Juu ya kichwa chake, kuanzia kibandani hadi nyuma ya kitalu, ilikuwa imetandazwa neti nyeusi ya kivuli ambayo alikuwa ameikinga miche nayo tangu aanze. Kazi yake yote ilikuwa kivuli. Kivuli ndicho alichouza. Na kwa miezi mitatu alikuwa akitoka chini ya kivuli chake mwenyewe, amebeba majani, akiyapeleka juani kwa mguu. Alitamani kupiga mtu, akamkosa aliyekuwa karibu zaidi ya yeye mwenyewe.

Jumatatu hiyo hiyo alichuma upya. Hakuchemsha. Alisuuza kwa maji ya mvua aliyoyaweka kwa mtungi, akatandaza majani juu ya vyandarua vikuukuu, ghorofa mbili chini ya neti, upepo wa Kitengela ukipita katikati. Alikaa nayo kama mtu anayeuguza. Alifunika vumbi lilipokuja, akafunua lilipopita, akageuza, akafukuza paka wa Keziah. Alhamisi jioni yalikuwa makavu kabisa na mekundu kabisa. Aliyatwanga kwenye kinu. Unga ukatoka rangi ya tofali la bei ghali.

Ijumaa saa tatu alikuwa Kajiado, mkebe mikononi. Wachira alimkaribisha ndani, akampa koti jeupe lililomfika magotini, akapanga chupa mbili ndogo mbele yake, zote zambarau kama kanzu ya askofu. Kwenye moja alitia maji yaliyochujwa kutoka unga wa zamani, wa majani yaliyochemshwa. Haikutokea kitu. Kwenye nyingine alitia yale ya unga mpya.

Zambarau ilikufa. Kalunde aliiona ikifa. Ilianza kupauka juu, ikashuka, na kabla hajamaliza kuvuta pumzi chupa ilikuwa na rangi ya mkojo wa mtu aliyekunywa maji ya kutosha.

"Mama," alisema Wachira, "hii ni moto."

"Niandikie karatasi."

Wachira alikuna shingo. Kalunde alimjua mwanamume anayekuna shingo. Wa kwanza alienda Kimana.

"Namba naweza kukupa. Lakini karatasi lazima bosi aweke sahihi na muhuri."

"Bosi yuko wapi?"

"Naivasha. Kwa semina. Atarudi Jumatatu."

"Semina ya nini?"

Wachira alitazama sakafu. "Ya kuharakisha huduma."

Kalunde alivua koti jeupe polepole, akalikunja vizuri, kwa sababu kama angelivua haraka angelitumia kwa jambo jingine. Mwishowe Wachira alimwandikia matokeo kwa mkono kwenye ukurasa wa daftari, jina lake chini, namba ya simu, na akampa zile chupa mbili, moja zambarau, moja njano, zimefungwa kwa plasta. Keziah alipouona ukurasa huo jioni alisema hiyo si karatasi ya maabara, hiyo ni barua ya mapenzi, na mbaya zaidi haina hata ua pembeni.

Jumamosi walikuja mapema. Nick aligeuka kuwa kijana mpole, ndevu zimekatwa kwa rula, na hilo lilimkera Kalunde kupita kiasi, kwa kuwa alikuwa amejiandaa kumchukia.

"Habari yako, mum. Pole kwa usumbufu."

"Bado hujanisumbua. Ngoja kwanza."

Alimpa mzee Kisemei ukurasa wa daftari. Mzee aliusoma wote, akaugeuza nyuma, akakuta mchoro wa moyo wa ng'ombe, maana daftari lilikuwa la mwanafunzi, akaugeuza tena mbele.

"Hii haina muhuri."

"Muhuri uko Naivasha, mzee. Lakini angalia hizi." Akainua chupa mbili kwenye mwanga. "Hii ni majani vile nilikuwa nafanya vibaya. Hii ni vile nimefanya juzi. Zote zilianza zikiwa rangi moja. Umeona?"

Mzee alitazama kwa muda mrefu. Nick pia alitazama, na hata akauliza swali la maana, kama inaweza kuwekwa kwa maziwa. Kalunde akaona mlango unafunguka kidogo, akaanza kueleza, akataja Gakuru, akataja gunia kila wiki.

"Mimi naamini," alisema mzee Kisemei hatimaye. "Macho yangu yameona. Lakini macho yangu siwezi kumpa Nick aweke kwa faili. Nyumbani wataniuliza, ulimkataza mkwe kwa nini? Niseme chupa?"

"Useme Jumanne, mzee. Siku tatu tu. Jumanne karatasi iko hapa."

"Fundi wa simiti anakuja Jumatatu, mum," alisema Nick kwa sauti ya pole. "Nilikuwa nimeshaongea naye."

Mzee alivuta pumzi, akashuka mpaka katikati ya ploti, akashusha fimbo yake, akaiburuta mavumbini kutoka seng'enge hadi seng'enge. Mstari ulipita sawa, ukapinda kidogo kwenye kibanda kwa heshima.

"Mbele ni ya Nick. Nyuma ni ya Mama Mumo. Nimegawa."

Alisema kwa furaha ya mtu aliyetenda haki. Kalunde aliangalia mstari. Nyuma kulikuwa na kibanda, neti ya kivuli, kinu, na vyandarua viwili vya kukaushia. Mbele, kando ya barabara, mahali ambapo pambo hupandwa ili watu walione, ilikuwa safu nzima ya maruni.

"Mzee," alisema, "umenigawia sufuria. Chakula umempa Nick."

"Si utapanda nyingine? Hiyo kitu si inashika haraka?"

Inashika, ndiyo. Ukikata kijiti ukakichomeka ardhini, maruni inashika. Lakini kijiti hakitoi gunia kila wiki. Kijiti kinataka miezi. Alitumia Jumamosi nzima na Jumapili, bila kanisa, akikata vijiti, akivichomeka kwenye mifuko ya miche, mia nne na kitu, na Jumatatu saa mbili fundi akang'oa safu ya mbele na kumwaga zege mahali ilipokuwa.

Jumanne Wachira alileta karatasi mwenyewe, mbio mbio, viatu vimejaa vumbi kwa mara ya kwanza. Ilikuwa nzuri. Ilisema "kiwango cha juu sana", na ilikuwa na muhuri wa bluu mkubwa kama chapati. Kalunde aliipeleka kwa mzee Kisemei. Mzee aliishika kwa mikono miwili, uso ukamng'aa.

"Sasa hii! Hii ndiyo nilikuwa nataka!"

"Mzee, simiti imeshakauka."

"Ndiyo, imekauka." Akaisoma tena. "Lakini ni karatasi nzuri. Muhuri umetulia."

Kalunde aliitia plastiki, akaitundika kibandani, uso wake ukielekea car wash. Gakuru alipiga simu kuuliza gunia la kwanza linakuja lini, akapiga tena kesho yake, na Kalunde akamwambia kwamba askari wako tayari ila geti limeuzwa, Gakuru asielewe, akasema atapiga wiki ijayo.

Nick alifungua Alhamisi. Gari la kwanza lilioshwa saa tatu, na saa tatu na dakika kumi Kalunde aliona ulimi mweupe wa povu ukivuka mstari wa mzee, ukiteremka taratibu kuelekea vijiti vyake mia nne na kitu, mche wa kuliwa, wa safu aliyoiacha miezi mitatu bila tone la dawa. Alichukua jembe, akaanza kuchimba mtaro.

Alikuwa amefika nusu, jasho likimwingia machoni, aliposikia mtu ameegemea seng'enge. Keziah alikuwa amevaa kwenda mkutano wa akina mama. Kichwani alikuwa na kitambaa chake. Alikuwa amekifua kwa jiki, kwa ndimu, kwa majivu, na doa lilikuwa bado lipo, limepauka tu.

"Haitoki," alisema Keziah.

"Naona."

"Nimeifua mara sita."

"Maabara wamesema kiwango cha juu sana."

Keziah alimeza kicheko kwa shida. Akautazama mtaro, akatazama povu, akatazama vijiti vilivyobanana kwenye mifuko.

"Hapa kwangu nyuma kuna safu mbili ziko bure. Ule mchanga umemwagia maji miezi tatu, kama ni hiyo anti yako basi imejaa huko. Leta hizo vijiti kabla hujaziua."

Kalunde alisimamisha jembe.

"Paka wako atazilalia," alisema.

"Atazilalia. Na huo mtaro umepinda, Mama Anti. Maji itarudi kwako."

Aliuangalia. Ulikuwa umepinda kweli. Alitema mate kwenye viganja, akarudi mwanzo, akaanza kuunyoosha, na nyuma yake gari la pili likawa linaingia.